Georgia 2022: Dimba la Kati Baada ya Nakobe Dean

Tarehe 10 Januari 2022, pale Indianapolis, Chuo Kikuu cha Georgia kiliifunga Alabama 33-18 na kutwaa ubingwa wa kitaifa wa futiboli ya vyuo Marekani, wa kwanza tangu 1980. Miezi mitatu na ushee baadaye timu ile ikafumuliwa. Kwenye drafti ya NFL, zoezi la timu za ligi ya kulipwa kuchagua wachezaji wa vyuo, iliyofanyika Las Vegas mwishoni mwa Aprili, wachezaji 15 wa Georgia walichukuliwa, idadi ambayo chuo chochote hakikuwahi kuifikia tangu drafti iwe ya raundi saba. Watano kati yao, wote wa safu ya ulinzi, walikwenda raundi ya kwanza, na Travon Walker akawa chaguo namba moja la drafti nzima.

Katikati ya safu hiyo waliondoka watu watatu kwa mpigo: Nakobe Dean, Quay Walker na Channing Tindall. Hao ndio waliokuwa lainibeka wa ndani, walinzi wa dimba la kati. Kiangazi kizima cha 2022 swali likawa moja tu mjini Athens, yaliko makao ya chuo: nani atacheza pale kati?

Swali lenyewe ni halali, ila namna lilivyoulizwa na watu wengi ndiyo iliyonifanya nikichukue kisa hiki nikichambue. Watu walihesabu majina yaliyoondoka, wakatazama majina yaliyobaki, wakaona pengo. Mimi naamini ubora wa lainibeka wa msimu ujao haupimwi hivyo. Unapimwa kwa kuuliza nani alikuwa wa tatu na wa nne kwenye foleni mwaka jana na alichezeshwa kiasi gani, nani amesimama mbele yake kwenye mstari, na nani atakayekuwa anapaza sauti kabla mpira haujaanza. Georgia ya 2022 inafaa kupimiwa hoja hiyo kwa sababu msimu tunao mkononi, mwanzo hadi mwisho, na sehemu moja ya hoja yangu msimu huo uliitikisa.

Kwa msomaji ambaye futiboli ya Kimarekani anaiona kwa mbali: lainibeka husimama nyuma ya wale majitu wanaogongana kwenye mstari wa mbele, na mbele ya walinzi wanaokimbizana na wapokeaji wa pasi. Ukitaka kumfahamu haraka, mfikirie namba sita kwenye soka. Yeye ndiye anayeziba mwanya, anayesoma mchezo, anayewapanga wenzake, na akikosea hatua moja timu nzima inaonekana haina ulinzi. Georgia ya kocha Kirby Smart huanzia mpangilio wa watatu mbele na lainibeka wanne, wawili ndani na wawili pembeni. Wa ndani mmoja huitwa Mike, naye ndiye kinywa cha ulinzi. Mwenzake huitwa Will, na kazi yake inahitaji mbio zaidi. Wa pembeni wana kazi nyingine kabisa, ya kumfuata kwotabeki, yule anayerusha pasi, na kuzuia mbio zisizunguke ukingoni, na yule mwepesi wao Georgia humwita Jack.

Tuanze na kilichopotea, maana bila kukiona hakuna anayeweza kusema kilirudi.

Nakobe Dean alikuwa na urefu wa kama mita 1.80 na uzito wa kilo 104 hivi, mwili mdogo kwa kazi ile. Chuoni alikuwa anasomea uhandisi wa mitambo. Msimu wa 2021 aliangusha wenye mpira mara 72, akamwangusha kwotabeki mara sita, akanasa pasi mbili, na mwisho wa mwaka akapewa tuzo ya Butkus, ambayo hutolewa kwa lainibeka bora wa vyuo vyote. Georgia ilikuwa imeshawahi kuipata mara moja tu, mwaka 2017, kupitia Roquan Smith.

Takwimu zinasema kidogo. Mchezo wa Florida unasema zaidi, ule wa tarehe 30 Oktoba 2021 pale Jacksonville. Zimebaki chini ya dakika tatu kwenda mapumziko na Georgia inaongoza 3-0 tu. Nolan Smith, lainibeka wa pembeni, anampokonya mpira kwotabeki chipukizi Anthony Richardson karibu kabisa na lango la Florida, na James Cook anafunga tachidauni, yaani anaufikisha mpira mwisho wa uwanja, papo hapo. Florida wanarudi na mpira, Smith huyo huyo ananasa pasi, na jaribio la kwanza tu baada ya hapo Georgia wanafunga tena. Florida wanapata nafasi nyingine. Safari hii Dean ndiye anayeona pasi inakwenda wapi. Anaingia mbele ya mpokeaji, anaudaka, anakimbia yadi 50 hadi mwisho wa uwanja. Mapumziko: 24-0. Mchezo uliokuwa unasuasua uliamuliwa na lainibeka wawili ndani ya dakika hizo, na mmoja wao, Smith, hakuondoka ile Aprili. Wengi walimsahau walipokuwa wanapiga hesabu ya hasara.

Quay Walker alikuwa kinyume cha Dean kwa umbo: mita 1.93, kilo karibu 110, mikono mirefu. Green Bay wakamchukua namba 22, huku Dean mwenyewe, pamoja na tuzo yake, akishuka hadi raundi ya tatu, namba 83, Philadelphia. Mjadala wa kwa nini alishuka ulihusu umbo na taarifa za majeraha. Sitauingia, ila unanikumbusha kwamba wanaonunua wachezaji na wanaojenga timu ya chuo hawatafuti kitu kimoja.

Jina la tatu, Channing Tindall, ndilo lenye ufunguo wa kisa kizima. Tindall alikuja Georgia mwaka 2018, darasa moja na Walker. Miaka minne akaimaliza bila kuwa mtu wa kikosi cha kwanza wa kudumu. Hata 2021, mwaka wa ubingwa, mara nyingi aliingia kutokea benchi. Lakini aliingia! Nafasi mbili za ndani zilikuwa na watu watatu wanaopokezana kwa zamu za kweli kuanzia robo ya kwanza, mchezo ukiwa bado haujaamuliwa, wala hazikuwa zile dakika za kupewa mtu mchezo ukiwa umeshakwisha. Miami wakamchukua raundi hiyo hiyo ya tatu, namba 102. Mtu wa benchi wa Georgia alikuwa anatosha kucheza NFL.

Hapo ndipo nasema foleni inapaswa kusomwa. Kama watatu wanacheza kwa uzito sawa, basi wa nne na wa tano ndio wanaomalizia michezo iliyolala, nao wanacheza mfumo ule ule, kwa maneno yale yale ya kupangana, dhidi ya timu zile zile. Mwaka 2021 Georgia iliwafunga watu kwa tofauti kubwa kiasi kwamba hao wa nne na wa tano walipata uwanja mara nyingi. Dhidi ya UAB mwezi Septemba, ushindi wa 56-7, kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Jamon Dumas-Johnson alinasa pasi akairudisha hadi tachidauni. Siku hiyo ilionekana kama kipambo cha ushindi mkubwa. Kwa anayepanga kikosi cha mwaka unaofuata ilikuwa taarifa: huyu ameshasoma macho ya kwotabeki wa chuo kingine, akaamua, akapatia.

Agosti 2022: waliokuwepo

Dumas-Johnson, wenzake wanamwita Pop, alitokea Maryland na kusoma sekondari Baltimore, St. Frances Academy, shule inayokutana na timu kubwa za nchi nzima. Mwili wake ni wa kazi ya Mike: mzito, wa kushuka kumkabili gadi, mzuiaji wa mstari wa mbele wa wapinzani, anayekuja kasi. Na anaongea. Sifa hiyo haipimwi kwa saa ya mkononi wala kwa mizani, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza kuitazama. Mike asiyeongea ni mtu mmoja tu uwanjani, lakini anayeongea na kusikika anawaweka mahali pao watu kumi wengine.

Smael Mondon alitokea mji wa Dallas, ule ulioko Georgia, si wa Texas. Sekondari alikuwa mkimbiaji na lainibeka kwa pamoja, na wakadiriaji wa vipaji walimpa nyota tano. Mwili mwepesi kuliko wa Pop, mbio nyingi. Mwaka wake wa kwanza aliutumia zaidi kwenye vikosi vya mikwaju, vile vinavyokimbia uwanja mzima kumfuata anayerudisha mpira. Wapo waliolitazama hilo kama dalili ya udhaifu. Mimi naona kinyume: kazi ile inamfundisha kijana kumkabili mtu katika eneo la wazi, kwa kasi, bila msaada, na ndiyo kazi ya Will ligi ya leo ya pasi fupi inapomtanua hadi ukingoni.

Nyuma yao palikuwa pana wasiwasi wa kweli. Rian Davis na Trezmen Marshall walikuwa watu wazima wa kikosi, wanaoujua mfumo, ila wote wawili walikuwa wamepoteza muda kwa magoti. Goti la lainibeka ni jambo zito. Kazi yake yote ni kusimama, kugeuka na kubadili upande mtu mwingine akiwa anamsukuma. Davis na Marshall walitosha kushika zamu, lakini haikuwa busara kujenga msimu juu yao.

Kisha chipukizi. Jalon Walker wa Salisbury, North Carolina, mtoto wa kocha wa futiboli, aliletwa kama lainibeka wa ndani, ila kila aliyemwona akimfuata kwotabeki alijiuliza kama nafasi yake siyo pembeni. Kiraka, kwa lugha yetu ya mpira. Wengine wa darasa lake walikuwa bado wa kusubiri.

Pembeni hali ilikuwa tofauti. Nolan Smith, aliyekuwa kijana namba moja wa nchi nzima kwa wakadiriaji alipoingia chuo 2019, alikataa kwenda drafti akabaki. Robert Beal, aliyeongoza timu kwa kuwaangusha makwotabeki mwaka 2021, mara 6.5, naye alibaki. Watu wawili wa mwaka wa nne na wa sita, wenye ubingwa mkononi. Chini yao alikuwepo Chaz Chambliss, mpambanaji asiye na mbio za kutisha, na MJ Sherman. Wageni walikuwa Mykel Williams, ambaye mwili wake ulimruhusu pia kucheza mstari wa mbele, na Marvin Jones Jr., ambaye baba yake aliichukua Butkus akiwa Florida State mwaka 1992. Vipaji havikukosekana hapo. Kilichokosekana chini ya Smith na Beal ni uzoefu, na hilo ningelipigia mstari kabla ya pengo la Dean ambalo kila mtu alikuwa analizungumza.

Waliosimama mbele yao, na waliowafundisha

Chukua jaribio moja la kawaida la kukimbia. Timu pinzani inampeleka gadi wake wa kushoto akazunguke kulia, atangulie mbele ya mkimbiaji kama kifaru. Mike anatakiwa aone nyonga ya gadi yule inageuka, apige kelele, apige hatua kwenda upande huo, na afike kwenye mwanya kabla ya mkimbiaji. Muda alio nao haufiki sekunde mbili. Sasa, mbele yake kuna mtu wa kati wa mstari wa ulinzi. Kama ni Jordan Davis, mwenye kilo karibu 155, wapinzani wanalazimika kumwekea watu wawili, na mmoja kati ya hao wawili ndiye aliyepangiwa kupanda kumziba Mike. Hapandi. Mike anafika akiwa huru, na kesho yake magazeti yanamsifu kwa kusoma mchezo.

Anausoma kweli, ila kuna aliyemnunulia muda. Davis alikwenda namba 13, Devonte Wyatt namba 28, Travon Walker namba moja. Kwa hiyo lainibeka wapya wa 2022 walikuwa wanapoteza pia ngao yao. Aliyebaki alikuwa Jalen Carter, ambaye makocha wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote watatu. Mtabiri makini wa msimu ule alipaswa kuandika hivi: lainibeka wa ndani wa Georgia watakuwa wazuri kwa kadiri Carter atakavyokuwa mzima.

Upande wa makocha palikuwa pana kuondoka na kubaki. Dan Lanning, mratibu wa ulinzi aliyekuwa pia anawafundisha lainibeka wa pembeni, aliteuliwa kuwa kocha mkuu wa Oregon Desemba 2021. Nafasi yake ya pembeni ikachukuliwa na Chidera Uzo-Diribe, aliyeletwa kutoka TCU. Lakini Glenn Schumann alibaki. Schumann alikuja na Smart kutoka Alabama mwanzoni kabisa, akawa mwalimu wa lainibeka wa ndani tangu msimu wa 2016, na ndiye aliyewalea Roquan Smith na Dean. Sasa akawa anashika uratibu pamoja na Will Muschamp. Pop na Mondon hawakubadilishiwa mwalimu, wala msamiati, wala mahali pa kuweka mguu. Kocha wa nafasi akibaki, kijana wa mwaka wa pili haanzi upya, na mwaka wake wa kwanza wa benchi unageuka kuwa akiba.

Msimu ulivyojibu

Ratiba iliwapa mtihani usio wa kawaida siku ya kwanza. Tarehe 3 Septemba 2022, Atlanta, mpinzani: Oregon ya Lanning. Mtu aliyekuwa anaita mipango ya ulinzi wa Georgia miezi minane kabla alikuwa sasa upande wa pili, akijua kila neno ambalo Dumas-Johnson angelitamka. Kwotabeki wake, Bo Nix, alikuwa ameshakutana na Georgia akiwa Auburn. Kama palikuwa na siku ya kuwaumbua lainibeka wachanga kwa kuwapindisha macho, ndiyo hiyo. Ikaisha 49-3, Nix akanaswa pasi mbili.

Nilifurahi sana, na bado naamini mchezo ule ulifaa kufanya watu waache kuulizia Dean. Ila mchezo mmoja wa ushindi mkubwa haupimi lainibeka vizuri. Oregon ilipoachwa nyuma mapema ililazimika kurusha, na Mike hakulazimika kupambana na mbio za kuchosha robo zote nne.

Missouri ndiyo iliyopima, tarehe 1 Oktoba, usiku, ugenini. Carter alikuwa tayari na kifundo kibovu tangu mwanzo wa msimu, na usiku huo huo akapigwa gotini. Cody Schrader, mkimbiaji wa Missouri, akapita katikati, akakimbia yadi 63. Beki Malaki Starks, kijana wa mwaka wa kwanza, alimfukuza kwa mbali akamdaka kwenye yadi ya mwisho. Yadi moja! Missouri walikuwa na nafasi kadhaa za kuusukuma mpira hatua moja tu, wakapata adhabu ya kuanza kabla ya wakati, wakaishia kupiga mkwaju wa pointi tatu.

Jaribio hilo moja lina pande zote mbili za hoja yangu. Mbio za yadi 63 katikati ya uwanja maana yake mtu wa ndani alichelewa au alizibwa, na mbele yake ngao haikuwa imara kama mwaka uliopita. Lakini yaliyofuata pale yadi ya kwanza yalionyesha timu ambayo katikati yake haikutetereka: wamepangika, hawakuvuka mstari, hawakukurupuka. Missouri waliongoza hadi robo ya mwisho na bado wakalala 26-22, pointi zao 15 zikiwa za mikwaju. Ulinzi uliotobolewa sana lakini haukufungwa tachidauni zaidi ya moja ni ulinzi ambao kinywa chake kinafanya kazi.

Oktoba 29 dhidi ya Florida, mchezo ambao Georgia ilishinda 42-20, ndipo lilipotokea lile nililolipigia mstari. Nolan Smith alichanika msuli wa kifua na msimu wake ukaishia hapo. Yule Jack aliyekataa drafti, aliyekuwa mkubwa wa chumba kizima, akabaki kusimama kandokando ya uwanja akiwapigia kelele wadogo zake.

Wiki moja baadaye ikaja Tennessee, timu iliyokuwa imewekwa namba moja kwenye orodha ya kwanza ya kamati ya ubingwa, yenye wastani wa karibu pointi 50 kwa mchezo. Mfumo wao huwatesa lainibeka kuliko mtu mwingine yeyote. Wapokeaji wanatandazwa hadi mistari ya pembeni kabisa, mpira unaanzishwa upya ndani ya sekunde chache, na lainibeka hana muda wa kutazama benchi kuulizia mpango. Lazima aongee mwenyewe, aongee haraka, katikati ya watu zaidi ya 92,000 wanaopiga kelele. Carter alikuwa amerudi. Tennessee walitoka Sanford Stadium na pointi 13, tachidauni yao pekee ikiwa imekuja robo ya mwisho mchezo ukiwa umeshaamuliwa. Hendon Hooker, kwotabeki wao aliyekuwa anazungumziwa kwa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, aliangushwa nyuma ya mstari mara sita. Ukitaka mchezo mmoja wa kumwonyesha mtu kwamba dimba la kati la Georgia lilikuwa limekamilika, mwonyeshe huo.

Mwisho wa msimu ukaleta upande mwingine. Fainali ya SEC, ligi anamocheza Georgia, waliishinda 50-30 dhidi ya LSU, lakini LSU walirusha yadi 502. Nusu fainali ya ubingwa, Atlanta, usiku wa mkesha wa mwaka mpya, C.J. Stroud wa Ohio State alirusha yadi 348 na tachidauni nne. Georgia ilikuwa nyuma 38-24 robo ya mwisho ikianza, ikashinda 42-41 kwa sababu mkwaju wa yadi 50 wa Ohio State ulikwenda kombo saa sita kamili ya usiku. Stroud alipata muda. Alisimama, akazunguka, akatoka nje ya kinga ya wazuiaji wake, akarusha akiwa mbioni, na pale Georgia ilipomwachia alikimbia mwenyewe yadi 27 kuiweka timu yake karibu na lango. Lainibeka wa ndani anayelazimika kumlinda mpokeaji kwa sekunde tano au sita hawezi kushinda, awe Pop, awe Dean. Dean mwenyewe, na Walker, na Tindall, walikuwa uwanjani Desemba 2021 Bryce Young wa Alabama aliporusha yadi 421 kwenye ushindi wa 41-24. Tofauti ni kwamba 2022 pembeni hapakuwa na Smith, na waliobaki walikuwa wanajifunza kazi wakiwa kazini. Hapo ndipo hesabu yangu ya foleni ilipotikiswa. Foleni ya ndani ilikuwa ndefu na imechezeshwa, lakini ya pembeni ilikuwa na majina makubwa juu na dakika chache chini, na hakuna ubora wa Mike unaofidia hilo.

Tarehe 9 Januari 2023 Georgia iliifunga TCU 65-7 huko Inglewood, California, ikabaki bingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja kati ya 15. TCU walipata yadi 188 tu. Mondon ndiye aliyeongoza timu kwa kuangusha wenye mpira, mara 76, Dumas-Johnson akafuatia na 70 pamoja na kumwangusha kwotabeki mara nne, akaingia pia kwenye orodha ya mwisho ya Butkus, mwaka mmoja tu baada ya kuwa mtu wa benchi. Dhidi ya mbio, Georgia iliruhusu takriban yadi 77 kwa mchezo, bora kuliko timu yoyote nchini, na ndogo kwa kiasi kidogo kuliko zile 79 za kikosi cha Dean. Pointi zilizofungwa ndizo zilizopanda, kutoka wastani wa 10.2 hadi 14.3. Soma namba hizo mbili pamoja: katikati hapakupoteza kitu, gharama ililipwa kwenye pasi.

Jambo moja linanitia shaka kila ninapotaka kulitumia somo hili kwa misimu mingine. Quay Walker na Tindall walisubiri hadi mwaka wa nne. Aprili 2021 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliruhusu mchezaji kuhama mara moja na kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka mzima, na Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Tindall wa leo ana sababu mbili za kuondoka mwaka wa pili. Marshall aliondoka mara tu baada ya msimu wa 2022, akaenda Alabama. Foleni ya watu watano waliofunzwa, inayolifanya pengo la watatu lizibike, inahitaji vijana wanaokubali kukaa, na soko la sasa linawaita kila msimu unapoisha.

Wapo waliokaa. Jalon Walker, yule kiraka, alitumika kwa zamu miaka miwili, ndani kidogo, pembeni kidogo, na mwaka 2024 akaipeleka Butkus Georgia kwa mara ya tatu, kisha Atlanta Falcons wakamchukua namba 15 kwenye drafti ya 2025. Dumas-Johnson yeye alivunjika mkono dhidi ya Missouri Novemba 2023, na nafasi yake ikashikwa na CJ Allen, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amechezeshwa kwa zamu tangu mwanzo wa msimu. Wiki iliyofuata Georgia iliifunga Ole Miss 52-17 na Allen ndani. Dumas-Johnson alipopona, akahamia Kentucky, akamalizia huko mwaka wake wa mwisho wa chuo.